Sehemu ya 4: Ile fomu ya klabu ya watoto melini

Wapendwa, wengi mmeniuliza kuhusu klabu za watoto kwenye meli za utalii, hizi za kutoka Miami kwenda Bahamas. Ni nzuri jamani. Mchana kwa kawaida hulipi ziada, watoto wanapangwa kwa umri, na wengi wanapokewa kuanzia miaka 3, wakishaacha nepi. Wako bado anavaa? Utashinda naye mwenyewe, pole.

Sasa fomu ya kuandikisha. Inauliza mzio, pumu, magonjwa. Hapo ndipo sisi akina mama tunaanza siri. Mwanangu wa pili ana selimundu. Dada yangu akaniambia, "Usiandike, watamkataa." Niliandika yote. Mtoto huyu akikosa maji mwilini, au akitoka kuogelea akapigwa na baridi, maumivu yanaweza kumshika. Binti wa zamu atajuaje kama karatasi iko tupu? Nikamwambia: chupa yake ya maji hii hapa, akisema mguu unauma, niite saa ileile. Dawa nilibaki nazo mimi, maana wahudumu wengi hawaruhusiwi kumpa mtoto dawa.

Siku ya tatu akaniita. Mguu. Tukawahi maji, dawa na blanketi, na jioni mtu alikuwa anadai karata zake.

Halafu mikono: maji na sabuni. Vitakasa mikono vya spiriti haviwezi vizuri virusi vya noro, na hivyo ndivyo vinavyosumbua melini. Mtoto akiharisha au kutapika, klabu haendi, hata alie vipi.

Kesho tuongee kichefuchefu cha baharini.