Mwenye Kuchomoa Mishale Naye Ana Fungu Lake



Ndugu zangu wazazi, kila tunapozungumzia mazoezi ya kulenga shabaha kwa watoto wetu, maneno huwa ni ya upinde: umepatikana wapi, nani ana nguvu za kuuvuta, nani kapiga katikati. Sijapata kusikia mzazi akiuliza mwanawe amechomoaje mishale. Leo nataka nizungumzie hilo tu. Kwa niliyoyaona hapa Bujumbura katika likizo mbili nilizosaidia kuwasimamia watoto, hatari na adabu zote mbili ziko kwenye gunia la shabaha.

Vifaa vyetu ni vya kawaida. Tuna pinde nyepesi ambazo mzazi mmoja alizileta kutoka Dubai, na mishale ya fibaglasi yenye ncha za mazoezi. Shabaha ni viroba tulivyovishindilia nguo kuukuu na vipande vya magodoro, tukavifunga kwenye fremu ya mbao. Mshale ukiingia kwenye nguo, kitambaa huzonga ncha na kuishika. Ukiingia kwenye sponji ngumu, msuguano huleta joto na sponji hung’ang’ania uti wa mshale kama gundi. Na ukikosea ukaingia kwenye mbao za fremu, hapo ndipo subira ya mtu hujulikana.

Jumamosi moja kijana wa miaka 12 aliukuta mshale wake umenasa. Akaushika kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu zake zote. Ukaachia ghafla, na mkia wake ukampiga mwenzake aliyesimama nyuma, chini kidogo ya jicho. Alhamdulillaah jicho lilisalimika, akabaki na kovu dogo. Watu hudhani ncha ndiyo ya kuogopwa, lakini wakati wa kuchomoa ncha imo ndani ya gunia. Mkia ndio unaoelekea nyuso za watu, na kwa kimo cha mtoto huwa sawasawa na macho yake.

Jioni ile wazazi tulikaa. Wengi walitaka mazoezi yafungwe kabisa. Baba wa mtoto aliyeumia, ambaye tulidhani ndiye angekuwa wa kwanza kutaka yafungwe, alisema mwanawe atarudi Jumamosi inayofuata kwa sharti moja: watoto wafundishwe kuchomoa kabla ya kufundishwa kupiga. Tukakubaliana naye, na tangu siku hiyo tunawafundisha hivi:

1. Hakuna anayevuka mstari mpaka pinde zote zimewekwa chini na msimamizi ameruhusu. Watoto huenda kwa kutembea. Anayekimbia anaweza kujikwaa akaangukia mikia ya mishale.

2. Mmoja anachomoa, wengine wanasubiri mbali. Anayechomoa husimama ubavuni mwa gunia na kutazama nyuma kwanza, ahakikishe hapana mtu.

3. Kiganja kimoja hukandamiza gunia pembeni ya mshale. Mkono wa pili hushika uti karibu kabisa na gunia, kisha huvuta kwa kunyoosha, kwa njia ile ile mshale ulimoingilia. Usiupinde juu wala chini, na usiushike mkiani, kwani utavunjika.

4. Ukiwa mgumu, mtu mzima ashikilie gunia. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kikizungushiwa uti, mkono hautelezi. Kusugua sabuni kavu kwenye ncha kabla ya kupiga nako husaidia sana kwenye sponji.

5. Mshale uliozama mpaka manyoya yamefunikwa usivutwe kurudi nyuma, manyoya yatang’oka. Kama ncha imetokeza upande wa pili, upitishwe huko huko.

6. Uliopiga mbao ni kazi ya mtu mzima mwenye patasi. Achonge mbao taratibu kuzunguka ncha mpaka iachie.

7. Kila mshale uliotoka hukaguliwa. Ukunjwe kidogo, mbali na uso. Ukionesha ufa, uvunjwe na kutupwa, kwani unaweza kupasuka siku nyingine mkononi mwa mpigaji. Na usipitishe vidole juu ya fibaglasi iliyochanika, vijiti vyake vinachoma kama miiba.

8. Wakati wa kurudi, mishale yote hubebwa kwa kufumbata ncha mkononi.

Hili la mwisho, ndugu zangu, si la kwetu. Katika Swahiyh Al-Bukhaariy na Muslim imepokewa kutoka kwa Jaabir bin ‘Abdillaah (Radhwiya Allaahu ‘anhu) kwamba mtu mmoja alipita msikitini na mishale, na Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) akamwamrisha azishike ncha zake. Kutoka kwa Abu Muusaa (Radhwiya Allaahu ‘anhu) imekuja amri kama hiyo kwa anayepita msikitini au sokoni, ili asimdhuru Muislamu yeyote.

Vilevile Muslim amepokea kwamba ‘Uqbah bin ‘Aamir (Radhwiya Allaahu ‘anhu) alikuwa akienda na kurudi baina ya shabaha mbili hali amekwishakuwa mzee, hata mtu mmoja akamwambia jambo hilo linamtaabisha. Naye akaeleza kuwa asingejitaabisha hivyo lau si onyo alilolisikia kwa Mtume kuhusu mwenye kujifunza kulenga kisha akaacha. Tazama mzee huyo, Swahaba aliyepata kuwa gavana wa Misri, hakuona uzito kutembea na kurudi.

Miongoni mwa watoto wetu yuko binti wa miaka 10 anayevaa miwani mizito. Mishale yake mingi hupita pembeni, na wenzake walikuwa wakimcheka. Lakini mikono yake ina subira. Magunia yakijaa mishale iliyonasa, yeye ndiye anayeitwa, na hajavunja hata mmoja. Mama yake alinijia akiwa na huzuni, akaniuliza: “Dada, mwanangu amekuja kuwa mtumishi wa wenzake?” Nilimweleza Hadiyth nyingine ya ‘Uqbah, waliyoipokea Abu Daawuud, At-Tirmidhiy na wengineo, kwamba kwa mshale mmoja Allaah huwaingiza Peponi watu watatu: aliyeutengeneza kwa nia ya kheri, aliyeupiga, na anayempa mpigaji mishale. Wapo wanavyuoni walioizungumzia sanad yake. Na katika kuifafanua, imeelezwa kuwa huyo wa tatu ni anayesimama karibu na mpigaji akimpa mishale, au anayemrudishia mishale kutoka kwenye shabaha. Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimweleze binti yake mwenyewe. Nilimweleza, wenzake wakisikia. Wawili kati yao wameomba awafundishe kuchomoa.

Basi mtoto akirudi nyumbani kutoka mazoezini, tusimuulize tu amepiga mara ngapi katikati. Tumuulize pia amerudisha mishale mingapi ikiwa salama, na kama alitazama nyuma yake kabla ya kuvuta.

Tunamuomba Allaah awahifadhi watoto wetu macho yao na mikono yao, na awajaalie wawe wenye kunufaishana. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiyq.