"Has Slept": Njeo Iliyopita kati ya Ndimi Mbili

Mwalimu wa Kiingereza akikutana na sentensi "The child has slept", ilhali mtoto anayezungumziwa yungali usingizini, huikata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni kwamba hilo ni kosa la njeo. Aghalabu hukomea hapo. Mwanafunzi naye hulichukua daftari lake akiamini kuwa akili yake ina walakini. Sentensi hiyo, hata hivyo, ina mantiki yake, na mantiki hiyo ni ya Kiswahili.

Kiambishi -me- kina kazi zaidi ya moja. Katika "amekula" kinaonyesha kuwa tendo limekamilika. Katika "amelala", "amesimama", "amechoka" na "amevaa", kilichokamilika ni kule kuingia katika hali fulani. Hali yenyewe ingalipo. Kiingereza hakina umbo moja linaloibeba mizigo hiyo yote. Aliyelala "is asleep", aliyesimama "is standing", aliyechoka "is tired". Anayeifasiri -me- kwa "has" kila mahali hupita salama penye "amekula", kisha akajikwaa penye "amelala". Isitoshe, mtu husema "amefika jana" na asimshangaze yeyote, ilhali Kiingereza sanifu hukataa "has arrived yesterday", kwa kuwa neno la jana hudai "arrived".

Kosa la "did not went" lina asili nyingine. Kiswahili hukanusha kwa kubadilisha viambishi: alisoma, hakusoma, amesoma, hajasoma. Mzizi hautikisiki. Kiingereza huuhamishia wakati uliopita kwenye "did", na kitenzi kikarudi kuwa "go". Hivyo mwanafunzi aliyejitahidi kukariri kwamba "go" huwa "went" huadhibiwa kwa kukumbuka! Na hiyo "went" yenyewe ni ya kuazima: ilikuwa njeo iliyopita ya kitenzi "wend". Hata watoto wa Waingereza husema "goed" kwa muda kabla ya kuizoea.

Nchini Kenya jambo hili si dogo. Historia, Biolojia na Jiografia hutahiniwa kwa Kiingereza, kwa hiyo njeo iliyokosewa humfuata mtahiniwa nje ya somo la lugha. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo huyo hufundishwa -li- na -me- asubuhi, akafundishwa "did" na "has" alasiri, na pasiwe na anayemwekea orodha hizo mbili ubaoni kwa pamoja. Kazi hiyo ingechukua kipindi kimoja tu. Mwalimu wa Kiswahili ndiye anayeiweza zaidi, maana ndiye anayejua "amelala" inafanya nini.

Mgeni anayejifunza Kiswahili naye husema "alila" badala ya "alikula". Wenyeji hucheka kidogo, wakamsahihisha, mazungumzo yakaendelea.