Mikanda ya Picha Kutoka Nambilanje

Nambilanje ni kata katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi. Watu wazima wa huko, ukiwauliza kwao ni wapi, wengine hukujibu hata leo kuwa ni Nachingwea, kwani Ruangwa ilikuwa chini ya Nachingwea mpaka ilipopewa wilaya yake mwaka 1995. Wenyeji walio wengi ni Wamwera, watu wa ufuta, mbaazi na mikorosho. Msafiri asitazamie kuona magofu ya mawe kama yale ya Kilwa. Hazina ya huko imo vifuani mwa wazee na katika makasha ya vitabu, na makasha hayo yana adui mmoja asiyelala, naye ni mchwa.

Alikuwako huko shekhe mmoja, mwalimu wa walimu, ambaye sisi tulianza kwake alifu na be kwenye ubao. Katika maisha yake alinakili kwa mkono wake vitabu vya fiqhi, maulidi, nyiradi, na tafsiri ya baadhi ya sura kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, pembeni mkiwa na maelezo ambayo hayamo katika kitabu chochote kilichopigwa chapa. Mpwa wetu, aliyekuwa amerudi likizo kutoka masomoni Ulaya, alikuja na kamera ya kizamani itumiayo mkanda. Tukamwuliza kwa nini asipige kwa simu kama watu wengine. Akasema, "Mjomba, simu yangu ya kwanza ilikufa na picha zangu zote. Lakini picha za babu za mwaka 1960 zimo kabatini kwa mama mpaka leo." Hatukuwa na la kumjibu.

Shekhe naye alitaka kwanza kujua hukumu. Jambo hili wanavyuoni wamehitilafiana, wala si vizuri kumdharau anayejiepusha nalo. Wapo waliokataza picha za viumbe wenye roho ila kwa dharura, kama ile picha ya pasi ambayo hakuna mwenye kwenda Hija asiyeihitaji. Na wapo walioruhusu, miongoni mwao Shekhe Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, ambaye aliandika risala kueleza kwamba picha ya kamera ni kuzuia kivuli alichokiumba Mwenyezi Mungu, mfano wa sura inayoonekana katika kioo. Tena Muhammad Sadiq Bey, ofisa wa jeshi la Misri, alipiga picha za Madina mwaka 1861, na za Makka mnamo mwaka 1880, kwa vipande vya vioo, zama ambazo mkanda haujajulikana. Shekhe alisikiliza yote, akasema vitabu na vipigwe, ama yeye atafikiri. Baada ya siku tatu akatuita usiku, amevaa kanzu na kofia, ameketi penye taa ya kandili, akasema, "Haya, mwambieni kijana aje, nisije nikabadili nia."

Ikawa mikanda mitatu. Miwili ilikuwa ya wepesi wa 100, iliyotumika kupiga kurasa uani mchana. Wa tatu ulikuwa wa 1600, kwa kuwa usiku na penye kandili mkanda mzito hauoni kitu, na katika huo ndimo ilimokuwa sura ya Shekhe. Miezi michache baadaye akafariki, Mungu amrehemu. Mikanda ilikuwa bado haijasafishwa, na fundi tuliyemjua aliyekuwa na dawa za kazi hiyo alikuwa Dar es Salaam. Kwa kuwa sisi tulikuwa na safari ya huko, na watoto walikuwa wamekwisha kutukatia tikiti ya ndege kutoka Mtwara kwa kutuhurumia mgongo, tukapewa amana hiyo.

Hapa hatuna budi kueleza jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji hawakulisikia. Mkanda wa picha umepakwa chumvi za fedha zilizochanganywa na ute mwembamba, nazo hubadilika zikipigwa na nuru. Katika viwanja vya ndege mizigo hupitishwa katika mashine yenye mionzi ya eksirei, na mionzi hiyo huufanyia mkanda vile vile ifanyavyo nuru, ijapokuwa umefungwa katika kopo lake. Röntgen, Mjerumani aliyeigundua mwaka 1895, aliupiga picha mkono wa mkewe kwa mionzi hiyo hiyo, ikaonekana mifupa na pete. Basi kitu kilekile kinachompa daktari picha ya mfupa ndicho kinachoweza kutupotezea picha ya mzee wetu.

Mkanda mzito, kama ule wa 100, hustahimili mashine za kawaida za mizigo ya mkononi mara kadha wa kadha. Mwepesi, wa 800 na kuendelea, hauna ustahimilivu huo, na madhara hujumlika: kila upitapo mashine huongezewa ukungu. Mashine mpya zinazouzungukia mzigo pande zote, zitumikazo sasa katika viwanja vikubwa, zina nguvu zaidi, nazo haifai kupitishwa mkanda wowote usiosafishwa. Mbaya kuliko zote ni kuutia mkanda katika sanduku liendalo tumboni mwa ndege, kwani mashine za mizigo ile ndizo kali. Mkanda uliokwisha kusafishwa hauna hofu tena. Mlango ule apitao mtu mwenyewe, unaolia ukiwa na chuma mfukoni, nao haudhuru. Wapo wanaonunua mifuko ya risasi. Lakini ofisa akiona doa jeusi katika kioo chake huutoa mfuko au huurudisha mashine, kwa hiyo faida yake ni ndogo.

Na ule mkanda wa 1600 ulikuwa na historia yake. Mpwa wetu alipokuwa akija, katika kiwanja kimoja cha ng'ambo aliomba ukaguliwe kwa mkono, akakataliwa, ukapita mashine. Kwa hiyo alituusia mara tatu: "Mjomba, huu usipite tena."

Tulitoka Nambilanje kabla ya jua kupanda, mikanda imo katika mfuko mweupe wa plastiki katikati ya nguo, kwa sababu joto nalo ni adui yake. Tulipita Nachingwea ingawa si njia ya mkato, maana tulikuwa na jamaa wa kuwajulia hali. Mji huo ulizoea ndege mapema kuliko miji mingi ya Kusini. Waingereza waliuanzisha mpango wao wa karanga mwaka 1947, wakauacha mwaka 1951 baada ya hasara kubwa. Reli waliyoileta iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kiwanja cha ndege kilibaki, na ndege aina ya Dakota za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililodumu tangu 1946 hata 1977, zilikuwa zikitua hapo. Abiria wa siku zile aliyekuwa na kamera alichelea jua na unyevu tu, kwani mashine za kukagua mizigo zilienea duniani katika miaka ya 1970, baada ya watu kuanza kuteka nyara ndege.

Na kabla ya hapo picha zilisafiri vichwani mwa wapagazi. Mwaka 1906 Karl Weule, Mjerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig, alitoka Lindi akaenda Masasi na Newala, na mizigo yake ikiwa na kamera, mtambo wa picha za sinema, na santuri ya kunasa sauti. Nyuso za mababu wa Kusini zikavuka bahari kwenda Ulaya. Tulilifikiri hilo sana garini, tukiwa na sura moja tu ya mzee wetu, tena twaipeleka Dar es Salaam.

Mtwara tulifika kiwanjani mapema kuliko abiria wote, kwa makusudi, kwani mtu hawezi kuomba hisani penye msururu unaosukumana. Mkaguzi alikuwa binti mdogo. Akatuamkia, "Shikamoo, mzee wangu." Tukaitikia, tukamwonyesha mfuko, tukamweleza neno kwa neno kama tulivyousiwa. Akaitazama mikanda, akamwita mkubwa wake, yule akauliza, "Ni picha za nini?" Tukasema ni za mwalimu wetu, naye amekwisha kufariki. Akafungua kila kopo, akatazama, akapangusa kwa kitambaa chao cha ukaguzi, akaturudishia kwa mikono miwili. Hawakulazimika kutukubalia, na twawaombea kheri.

Fundi wa Dar es Salaam alituweka siku mbili. Mikanda ya kwanza miwili ilitoka safi, kurasa zinasomeka hata vitone vya herufi. Wa tatu ulikuwa na ukungu wa kijivu mwanzo hadi mwisho, kama alivyohofia mpwa wetu. Picha ya Shekhe imo: kofia, ndevu, na mkono uliokaa juu ya goti, lakini ni kama mtu aliyeketi nyuma ya chandarua. Fundi alisema kwamba lau ungepita mashine mara ya pili, huenda hata hicho tusingekiona.

Tulipoirudisha Nambilanje, mjane wake aliishika kwa muda mrefu bila ya kusema. Kisha akasema, "Ndivyo alivyokuwa alfajiri, kabla taa haijawashwa," akaingia nayo ndani.

Kurasa tumeanza kuzinakili pamoja na wanafunzi wakubwa, kila Alhamisi baada ya Alasiri. Tumefikia ukurasa wa kumi na tisa. Tulipofungua kasha ili kulinganisha na kitabu chenyewe, tulikuta mchwa amekwisha kula kuanzia wa kumi na mbili hadi wa kumi na tano, na sasa kurasa hizo zimo katika mkanda peke yake.