Seva ni nzima, lakini maziwa yamefika?

Leo tuongee kuhusu kuangalia afya ya programu zinazoishi kwenye wingu. Wengi wakisikia "wingu" hudhani ni kitu kinachoelea tu. La hasha! Ni kompyuta za watu wengine ndani ya jengo fulani, na kati yako na jengo hilo kuna nyaya.

Mimi natunza programu ndogo ya kupokea maziwa. Makarani wa vituo vya Meru na Embu hupima maziwa asubuhi, huingiza kilo kwenye simu, na hesabu huenda kwenye seva iliyoko Cape Town, ambako Amazon ilifungua huduma zake za wingu mwaka 2020. Kilo isiyofika ni pesa ambayo mkulima hataiona mwisho wa mwezi.

Mwenye wingu hukupa dashibodi: prosesa inafanya kazi kiasi gani, diski imejaa kiasi gani. Ni vizuri kuwa nayo. Lakini kumbuka tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika baharini karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya, Tanzania na Uganda ikaanza kutambaa. Siku kama hiyo dashibodi inaweza kuwa kijani tupu. Tena seva itaonekana imestarehe, kwa sababu kazi haiifikii!

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo napima kutoka aliko karani. Nimeweka simu kuukuu moja dukani Runyenjes na nyingine Makutano, Meru mjini. Kila dakika 5 hutuma kilo za majaribio kwa mkulima ambaye hayupo, na kuandika jibu limechukua sekunde ngapi. Zikikwama hunitumia SMS, maana SMS haihitaji intaneti. Kusoma majibu ni rahisi:

- Moja iko kimya kabisa: tatizo ni la mtaa huo, pengine stima au mnara.
- Zote ziko kimya: tatizo ni pana, kama stima ilipopotea karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023.
- Zote zinatuma SMS kwamba zimekwama, na dashibodi ni kijani: njia ya katikati ina shida.

Anayehesabu majibu hayo ni kompyuta nyingine iliyoko Nairobi. Seva ikizimika haiwezi kukuambia kwamba imezimika.

Tahadhari ninayoithamini zaidi haihusu mitambo kabisa. Ikifika saa 3 asubuhi na kituo hakijaleta hata kilo moja, simu yangu inalia. Ng'ombe hawana sikukuu. Prosesa ikipanda asilimia 90 usiku, hiyo nitasoma kukicha.

Na kwa kuwa njia itakatika tena siku moja, simu ya karani huhifadhi kila pimo mpaka mtandao urudi. Kila pimo lina namba yake, ili likitumwa mara mbili lihesabiwe mara moja.

Ndugu msomaji, kabla hujanunua mfumo wa bei kali, jiulize: mtumiaji wangu akikwama, nitajua kabla hajanipigia? Kama jibu ni hapana, tafuta simu kuukuu uanze nayo. Kazi njema!