Herufi Moja na Kahawa ya Bwera

Wengi wenu mwaniona kila jioni katika chumba cha kompyuta, na wengine hunitania kwamba nimeoa mashine. Leo nataka kuwaeleza habari ya programu yangu ya kwanza, ambayo ilikaribia kumvunjia mama yangu heshima mbele ya jirani zake. Siielezi kwa kujisifu, maana hapana cha kujisifia. Naieleza ili ndugu zangu wa vidato vya chini wasipite njia niliyopita mimi.

Kwetu ni Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Ukitoka mjini Kasese huenda kusini mpaka njia panda ya Kikorongo, kisha hushika barabara ya magharibi iendayo Mpondwe. Safari yote ni kilomita 50 na ushei. Vilimani kwetu watu hulima kahawa. Mama yangu ni mweka hazina wa kikundi cha majirani ambao huuza kahawa yao pamoja, ili mnunuzi asipate kumpunja mtu mmoja mmoja. Lori likija, kahawa yote hupimwa, mnunuzi hulipa fedha kwa jumla, kisha mama humgawia kila mtu haki yake.

Hesabu yenyewe ina jambo moja la kuangaliwa. Wengine huleta kahawa iliyokaushwa pamoja na maganda yake, na wengine huleta iliyokwisha kukobolewa. Kilo mbili zenye maganda hutoa kilo moja hivi ya kahawa safi. Kwa hiyo kikundi kimekubaliana kwamba kahawa yenye maganda ihesabiwe nusu ya uzito wake. Mama alikuwa akifanya hesabu hiyo usiku, kwa kalamu, katika daftari la mistari, huku akipiga miayo.

Katika likizo ya Desemba, nilipomaliza kidato cha tano, nilimwonea huruma. Mjomba wangu ana kibanda cha kunakili karatasi mjini Kasese, naye aliniazima kompyuta ya mpakato. Nikakaa siku tatu nikiandika programu kwa lugha ya Python. Umeme ulikatika mara mbili, na mara ya kwanza nilipoteza kazi ya asubuhi nzima kwa kuwa sikuihifadhi. Siku ya nne ikafanya kazi. Unaingiza jina la mtu na kilo zake, nayo inakupa fedha zake mara moja. Wazee walikuja kuitazama, wakatikisa vichwa, na mmoja akasema kwamba karo ya shule haikwenda bure. Nami nikavimba kichwa.

Lakini tazameni nilivyoiandika. Kilo niliziita k. Bei niliiita p. Mahali pa kuuliza kama kahawa ina maganda, niliandika m tu; ukijibu 1 maana yake ndiyo, ukijibu 0 maana yake siyo. Sikuandika mstari hata mmoja wa maelezo. Niliona kwamba maelezo ni kazi ya watu wasiojua. Mimi nilijua kila herufi kama ninavyojua vidole vyangu, basi nimweleze nani?

Nikarudi shuleni. Kompyuta ikabaki nyumbani, na mdogo wangu mwenye miaka kumi na minne akakabidhiwa kazi.

Siku lori lilipokuja tena, watu sita walikuwa wameleta kahawa, na wote walikuwa wameikoboa. Mdogo wangu akaona swali lile, m, akalifikiri sana. Akaona kwamba m ni mbegu. Na kwa kuwa kahawa ya watu wale ilikuwa mbegu tupu, akajibu 1 kwa wote sita. Mashine haikulalamika. Ikamkatia kila mtu nusu ya fedha zake, kwa haraka na bila haya.

Watu watano walipokea wakaenda zao, wakidhani bei imeanguka. Wa sita alikuwa bibi mmoja mjane anayemsomesha mjukuu wake. Bibi huyo hajui kusoma, lakini hesabu ya kichwa humshindi. Alikuwa ameleta kilo 60. Alizihesabu noti zake mara mbili, kisha akamwambia mama kwa sauti ya taratibu, “Mwanangu, mashine yako imenilipa kilo 30. Hizo nyingine zimekwenda wapi?”

Kasha likafunguliwa. Fedha zikaonekana zimebaki nyingi, nyingi mno. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kama kasha lingepungua, watu wangesema mama amekosea. Lakini lilikuwa limezidi, nao wakanong'onezana kwamba mama na mwanawe wametengeneza chombo cha kuwala watu nusu nusu. Mama yangu amelishika kasha hilo tangu mimi nikiwa mtoto, na kabla ya siku ile hakupata kuulizwa hata shilingi.

Mjomba alikuja shuleni Jumamosi kunieleza. Nikaomba ruhusa, nikapanda teksi ya Bwera, na njia nzima sikuzungumza na mtu. Nilifika jua likichwa, nikafungua kompyuta. Mdogo wangu akakaa karibu nami, akaelekeza kidole kwenye kioo, akauliza, “Kaka, hii m ni nini?”

Ndugu wasomaji, sikuweza kumjibu. Miezi michache tu ilikuwa imepita, na mimi mwenyewe niliyeiandika sikukumbuka kama m ni maganda au ni mbegu. Ilinibidi nifuate mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma barua ya mgeni, mpaka nikaona mahali ambapo kilo zinagawanywa kwa mbili. Saa nne za usiku zilipita kabla sijawa na hakika.

Aliyetuokoa ni mama. Hakuwa ameacha daftari lake. Kila siku ya lori aliendelea kuandika kwa kalamu jina la mtu, kilo, na neno “maganda” au “safi”. Asubuhi aliwaita watu wote, akawasomea, na kila mmoja akalipwa kilichosalia. Fedha za kasha zikalingana mpaka shilingi ya mwisho. Bibi yule alinishika mkono akacheka. Mama hakucheka. Aliniambia, “Daftari langu halina akili kama mashine yako, lakini mtu yeyote ajuaye kusoma hulisoma.” Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa nimelisikia neno hilo mara nyingi, lakini siku ile ndipo nilipojua linamsema nani.

Niliporudi shuleni nilieleza kisa hiki mbele ya wenzangu katika chumba cha kompyuta, na pakazuka ubishi mkubwa uliochukua jioni tatu. Mmoja alisema kwamba programu nzuri haihitaji maelezo kabisa, majina mazuri yatosha. Mwingine alitaka kila mstari uwe na maelezo yake, akatuonyesha kazi yake. Palipoandikwa kwamba hesabu iongezwe moja, kando yake alikuwa ameandika “ongeza moja”. Tulicheka sana, maana jambo hilo hata mashine ilikuwa imekwisha kulielewa. Mwalimu wetu alikata shauri hivi: usieleze mstari unafanya nini, kwa kuwa mstari wenyewe wasema, eleza kwa nini unafanya. Mathalan, “kilo zinagawanywa kwa mbili kwa sababu kikundi huhesabu kahawa yenye maganda nusu ya uzito wake.” Sentensi hiyo moja ingalituokoa sisi sote.

Tuligombana pia juu ya nafasi zilizo mwanzoni mwa mistari. Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, hukulazimisha kupanga mistari yako kama mtu anayepanda mahindi kwa kamba. Wengine hupenda kubonyeza kibonye kimoja cha kurukia, na wengine hupiga nafasi nne moja moja. Ukivichanganya ovyo, Python ya siku hizi hukataa kazi yako. Mwongozo wa uandishi wa lugha hiyo, uitwao PEP 8, uliotolewa mwaka 2001, unashauri nafasi nne. Lakini jambo lililonigusa zaidi katika mwongozo huo ni wazo lake kwamba programu husomwa mara nyingi kuliko inavyoandikwa. Mimi nilikuwa nimeiandika yangu kana kwamba haitasomwa kamwe.

Basi nilipoona aibu imenizidi, mwalimu alinifariji kwa habari ya wakubwa. Mwezi wa Desemba mwaka 1998 Wamarekani walirusha chombo kiitwacho Mars Climate Orbiter kwenda kuchunguza hali ya hewa ya sayari ya Mars. Tarehe 23 Septemba 1999, kilipofika huko, kilipotea. Walipochunguza, waliona kwamba programu moja ya duniani ilitoa hesabu ya nguvu za injini kwa vipimo vya Kiingereza vya ratili, na wale waliozipokea walizichukua kama vipimo vya metriki. Tarakimu zilikuwa tarakimu tu, wala hapakuwa na neno la kusema “mimi ni ratili”. Niliona kwamba kosa lao na langu ni ndugu: kilo zenye maganda zilipita mahali pa kilo safi, na hapana aliyeziuliza jina.

Katika likizo iliyofuata niliandika programu upya. Sasa haina k wala m. Ina kilo_zenye_maganda na kilo_safi, majina ya Kiswahili ambayo mdogo wangu huyasoma bila mkalimani. Haiulizi kwa herufi moja, huuliza, “Kahawa hii ina maganda? Jibu ndiyo au hapana.” Kabla ya kutoa fedha hurudia ilivyoelewa, ili mtu apate kuikosoa. Kabla ya kuitumia nilichukua kurasa tatu za daftari la mama, nikaingiza kila jina, na sikuridhika mpaka majibu yote yalipolingana na ya kalamu yake. Tena nimeacha ile tabia ya kuwa na mafaili yanayoitwa kahawa_mpya, kahawa_mwisho na kahawa_mwisho_kabisa. Natumia Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, ambacho hutunza kila badiliko nililolihifadhi, pamoja na siku yake na sababu niliyoiandika.

Mtihani wa mwisho ulikuwa huu. Bei ilipobadilika, nilitoka nje nikaketi chini ya mwembe, nikamwacha mdogo wangu peke yake. Baada ya dakika chache alitoka akasema, “Nimekwisha.” Hakuniuliza neno lolote. Sifa ile ya wazee ya mara ya kwanza haikunifurahisha kama kimya chake.

Basi, ninyi wa vidato vya chini, mkianza kuandika programu msiandike kwa ajili ya mashine, maana mashine hukubali kila kitu. Andikeni kwa ajili ya mtu atakayekuja nyuma yenu, na yamkini mtu huyo ni wewe mwenyewe, umekwisha kusahau. Na ninyi wanafunzi wa zamani mnaofanya kazi hii maofisini, twawaomba mtuandikie katika gazeti hili desturi zenu, hasa zile mlizojifunza kwa hasara.

Mama angali mweka hazina. Programu anaitumia, na daftari lake liko kando, na kalamu juu yake.