Si kila damu chooni ni ameba

Ndugu zangu, leo nazungumzia choo. Kama unakula, malizia kwanza.

Baba yangu mdogo anaishi Kansay, wilayani Karatu. Analima mahindi, maharage na mbaazi, na si mtu wa kulalamika. Mwaka jana nilipata likizo ya siku nne nikaenda kumsalimia. Nilishtuka. Suruali kaifunga kwa kamba, mashavu yameingia ndani. Usiku nikawa nasikia mlango unafunguliwa, anakwenda choo cha shimo nyuma ya zizi. Nilihesabu mara sita hadi alfajiri. Mbwa wake hata habweki, anamsindikiza tu.

Asubuhi nikamuuliza, "Baba mdogo, unaumwa?"

"Tumbo tu, mwanangu."

Nikambana. Ndipo akasema, huku akiangalia shamba: anaharisha damu na kamasi, mwezi wa nane sasa. Mama mdogo hakuwa na habari. "Mtu mzima unaanzaje kusema mambo hayo?"

Miezi yote hiyo alikuwa anakwenda duka la dawa. Akisema damu, anapewa dawa ya ameba. Mara nne! Akisema tumbo linauma, anapewa diklofenaki. Hakuna aliyemwambia apeleke choo kikapimwe.

Tusimcheke muuza dawa. Kwetu mtu akiharisha damu, mara nyingi kweli ni ameba, au bakteria wa shigela, au kichocho cha tumbo. Kukisia mara ya kwanza naelewa. Mara ya nne je?

Tulianza na kipimo cha choo, damu na kifua. Baadaye alikwenda Moshi, akapitishiwa kamera kwenye utumbo mpana na kukatwa kinyama kidogo kwa ajili ya maabara. Jibu: kolaitisi ya vidonda.

Mama mdogo akasema, "Kumbe ni vidonda vya tumbo." Hapana. Vile viko kwenye tumbo la chakula au mwanzo wa utumbo mdogo. Huu ni ugonjwa wa utumbo mpana, bomba la kama mita moja na nusu linalonyonya maji ya mwisho kabla hujaenda haja. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupiga wadudu, inaugeukia utumbo wenyewe. Ngozi ya ndani inavimba, inachubuka, inatoa damu. Huanzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda juu. Chanzo chake kamili hakijajulikana, ila hauambukizi, na hajarogwa na mtu.

Kuna daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1964. Aliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyozoeleka Ulaya yalikuwa adimu huku kwetu, akayahusisha na vyakula vyetu vyenye nyuzinyuzi nyingi. Pengine ndiyo maana wengi wetu tunayaona ni magonjwa ya Wazungu. Baba mdogo amekula makande tangu utoto, na bado yamempata.

Sasa matibabu. Kwanza alipewa predinisoloni kutuliza uvimbe, dozi ikapunguzwa kidogo kidogo, maana haiachwi ghafla. Hapa ndipo nilipoelewa umuhimu wa vipimo: dawa hiyohiyo ukimpa mwenye ameba, utumbo unaweza kutoboka. Kisha sulfasalazini kila siku pamoja na foliki asidi, hata akijisikia mzima. Diklofenaki marufuku, inaweza kuuamsha ugonjwa. Ukiamka, anakula laini: uji, wali, viazi. Makande yanasubiri. Dawa zikishindwa, kuna nyingine kali zaidi, na mwisho kabisa ni kuukata utumbo huo. Na baada ya miaka kama 8 kamera inabidi irudiwe mara kwa mara, kwa sababu hatari ya saratani inaongezeka.

Mwezi wa tatu alijisikia vizuri, akaacha vidonge ili pesa inunue mbegu. Wiki chache tu, damu ikarudi. Safari hii alimwambia mama mdogo siku ileile. Waliuza mbuzi wawili, wakaenda wote hospitali.

Nilimsimulia habari za Shinzo Abe, waziri mkuu wa Japani aliyejiuzulu 2007 na tena 2020, akisumbuliwa na ugonjwa huuhuu, na 2020 akautaja mbele ya dunia nzima. Baba mdogo akafikiri kidogo. "Kwa hiyo na yeye alikuwa anaamka usiku?" Nikasema bila shaka. Akacheka, mara ya kwanza tangu nifike.

Msomaji, ukiona damu chooni, nenda kapime kabla ya kumeza chochote. Na ukienda kijijini kwenu, waulize wazee maswali ya aibu. Wao hawataanza.