Tangi la Datsun limeshuka!

Kimya kingi, najua, testi zilibana kweli. Wikiendi nilikuwa Rau kwa mjomba, na safari hii sikufuata ndizi tu (ingawa nazo nilizishughulikia vizuri).

Mnaikumbuka ile Datsun 240Z, ya milango 2, pua ndefu, imekaa chini ya mparachichi miaka na miaka? Kwa asiyeijua, gari la aina hiyo lilishinda East African Safari Rally mwaka 1971, na tena 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Sio kigari cha mchezo bana.

Sasa ilikuwa zamu ya tangi la mafuta. Liko nyuma, chini ya sakafu ya buti, limeshikwa na mikanda 2 ya chuma. Mjomba alichomoa kwanza waya wa betri, ndio akaniruhusu kuingia chini. Tukafungua nati ya kumwagia. Jamani ile harufu! Petroli ikikaa sana inaganda kama vanishi. Halafu mipira yote, halafu waya wa geji. Nati za mikanda tulizilowanisha diseli tangu Ijumaa, na bado moja ikakatika. Jeki chini ya tangi, ubao katikati, tukalishusha polepole.

Hapo ndio kasheshe. Kijana wa kuchomelea alishafika na mashine, anataka kuziba tobo pale pale.

"Si liko tupu, mzee?"

"Tupu ndio linaloua, mwanangu."

Jamaa akacheka, eti kachomelea mapipa kibao. Lakini mzee yuko sahihi: kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na tangi tupu limejaa huo huo. Tena ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini chini mpaka ukutane na moto. Jiko la mkaa la anti lilikuwa limehamishiwa nyuma ya nyumba tangu asubuhi, na anti alilalamika hadi chai ikaiva.

Tukaliosha kwa maji ya moto na sabuni mara 3. Kutu iliyotoka, kikombe kizima! Siku ya kuchomelea litajazwa maji mpaka karibu na tobo, mvuke ukose pa kukaa. Kijana kaondoka amenuna, anadai hela ya bodaboda. Mjomba kamlipa bila neno.

Mwenye kujua zinapopatikana nati za mikanda ya 240Z anistue, maana Jumamosi narudi.